Asifuye Mvua Imemnyea: Juu ya Hadithi za Katuni za Kila Juma

Katika nchi ambazo hadithi za katuni huchapwa kila juma, imekuwa ada kwa wahakiki kuwaandalia wasomaji orodha mbili. Ya kwanza hutaja katuni zilizopendeza juma lile. Ya pili hutaja zile zinazosubiriwa kwa hamu katika majuma yajayo. Orodha hizi huwekwa bega kwa bega, kwa sauti moja na kwa sifa za namna moja, hata msomaji akadhani kuwa ni watoto pacha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Orodha ya kwanza ni ushahidi. Ya pili ni tumaini. Na pale biashara ilipoliweka tumaini mahali pa ushahidi, hakupunjika mnunuzi peke yake, bali sanaa yenyewe.

Wahenga walisema: asifuye mvua imemnyea. Hawakusema kuwa imemnyea yule anayeyatazama mawingu. Kwetu sisi methali hii inatosha kuwa kanuni ya kwanza ya uhakiki.

Hatuna ugomvi na hamu ya kusubiri. Hadithi itokayo kwa vipande huishi kwa hamu hiyo. Mchoraji hupewa kurasa chache, na katika kisanduku cha mwisho hana budi kuacha jambo likining'inia: mlango unafunguliwa na hatumwoni aliye nyuma yake, barua inasomwa na hatuambiwi imeandikwa nini. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanaujua ufundi huu tangu zamani. Msimulizi wa hadithi zile aliiponya shingo yake kwa kukatiza masimulizi kila alfajiri ilipoingia. Lakini tukumbuke jambo moja ambalo husahauliwa mara kwa mara. Mfalme aliusubiri usiku wa pili kwa sababu usiku wa kwanza ulikuwa umemridhisha. Hakupita mpiga mbiu kumtangazia kwamba hadithi ya kesho itakuwa kubwa kupita zote. Hamu ya kesho ilizaliwa na utamu wa jana, na lau usiku mmoja tu ungalichusha, upanga ulikuwa tayari.

Basi tuitazame Marekani, ambako kazi hii ina historia ndefu na ambako siku ya Jumatano, kwa miaka mingi, imekuwa siku ya wapenzi wa katuni kwenda dukani kuchukua matoleo mapya. Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, alitokea mwaka 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics. Wakati ule, na kwa zaidi ya miaka 30 baadaye, katuni ziliuzwa pamoja na magazeti mengine vibandani na madukani. Mwenye kibanda alizipanga mbele ya wapita njia. Mtoto akazipekua, akachagua, akatoa senti zake. Zilizobaki zilihesabiwa kuwa hazikuuzwa, na muuzaji hakuzilipia. Hasara ilikuwa ya mchapishaji. Kwa maneno mengine, kila nakala ilihukumiwa ikiwa wazi machoni pa msomaji.

Utaratibu huo ulikuwa na dosari zake. Hesabu za mauzo zilichelewa kwa miezi, na pengine jarida lilifungwa wakati wasomaji wake wangali wanaongezeka. Hata hivyo uliacha nafasi kwa jambo lisilotarajiwa. Mwezi Agosti mwaka 1962 lilitoka toleo la 15 la jarida lililoitwa Amazing Fantasy, nalo ndilo lililokuwa toleo lake la mwisho. Ndani yake mlikuwa na hadithi fupi ya Stan Lee na Steve Ditko, juu ya kijana yatima mwenye aibu aliyeumwa na buibui akapata nguvu za ajabu, kisha kwa kiburi chake akamwacha mwizi apite, na mwizi yuleyule akaja kumwua ami yake aliyemlea. Huyo ndiye Spider-Man. Mwaka uliofuata alipewa jarida lake mwenyewe, naye akawa miongoni mwa wahusika wajulikanao zaidi duniani. Tunauliza: ni mhakiki gani angaliweza kuiweka hadithi hiyo katika orodha ya zinazosubiriwa? Hakuna aliyeisubiri. Ilisomwa, ikapendwa, ndipo ikaanza kusubiriwa. Huo ndio mwendo wa haki.

Katika miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Mwalimu mmoja wa Brooklyn, Phil Seuling, alipatana na wachapishaji anunue katuni moja kwa moja kutoka kwao kwa bei nafuu, kwa sharti kwamba kisichouzwa hakirudishwi. Yakazaliwa maduka maalumu ya katuni, na pamoja nayo ukaja ulazima mpya. Kwa kuwa mwenye duka hana ruhusa ya kurudisha, ni lazima akisie mapema atauza ngapi; na ili akisie, ni lazima wateja wake wamwambie watanunua nini miezi miwili au zaidi kabla kazi haijatoka. Msambazaji aitwaye Diamond, aliyeanza mwaka 1982, alikuwa akitoa kila mwezi katalogi nene ya matangazo ya kazi zijazo, na katalogi hiyo ikawa meza ambayo juu yake uhai na kifo cha katuni viliamuliwa. Hadithi yaweza kusitishwa kwa uchache wa maagizo kabla msomaji hata mmoja hajafungua ukurasa wake wa kwanza. Waswahili tuna jina la biashara ya namna hiyo: ni kununua mbuzi ndani ya gunia.

Matokeo yalionekana wazi miaka ya 1990. Mwaka 1991 lilitoka toleo la kwanza la jarida jipya la X-Men, likiwa na majalada 5 tofauti juu ya hadithi ile ile moja. Nakala zake zilipita milioni 8. Msomaji asidhani kuwa palikuwa na wasomaji milioni 8. Hizo ni nakala zilizoagizwa na maduka, na wengi walizinunua tatu tatu na tano tano wakitumaini kuziuza kwa bei kubwa siku za mbele. Mwezi Novemba mwaka 1992 likafuata toleo la 75 la Superman, ambamo shujaa huyo anauawa. Liliuzwa ndani ya mfuko mweusi uliofungwa, na watu wakapanga foleni. Wengi hawakuufungua mfuko, kwani kuufungua kungaliipunguza thamani ya nakala. Kabla mwaka 1993 haujaisha Superman alikuwa amekwisha kufufuka.

Tuupime mfano huu kwa mizani ya sanaa. Hapa pana hadithi ambayo ununuzi wake ulitimia bila kusomwa. Mchoraji alichora, mwandishi akaandika, na kazi yao ikalala gizani ndani ya mfuko, kama mchumba aliyelipiwa mahari asifunuliwe uso. Kilichouzwa kilikuwa tangazo. Hadithi ilikuwa kifungashio tu. Walanguzi walipogundua kwamba kitu kilichochapwa kwa mamilioni hakiwezi kuwa adimu, walikimbia, na maduka mengi yakafungwa. Mwezi Desemba mwaka 1996 Marvel, mchapishaji wa X-Men na Spider-Man, akielemewa pia na madeni, aliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hapa twajifunza jambo la zaidi: hata kizuri, kikitembezwa mno kabla ya kuonjwa, huharibikia njiani.

Huko Japani walishika njia nyingine. Jarida la Weekly Shonen Jump, lililoanzishwa Tokyo mwaka 1968 na shirika la Shueisha, hukusanya hadithi nyingi katika toleo moja nene la bei ndogo. Kwa miaka mingi ndani ya toleo iliwekwa kadi ya posta, na msomaji akaombwa ataje hadithi 3 zilizompendeza. Kadi zilihesabiwa. Hadithi iliyoshika mkia majuma kadhaa mfululizo ilifungwa, pengine baada ya sura 10 tu. Iliyopendwa iliendelea kwa miaka. Dragon Ball ya Akira Toriyama ilidumu kutoka 1984 hadi 1995, na mapema mwaka huo wa 1995 jarida lilifikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja. Hapa pia mamilioni yametajwa, lakini ni mamilioni ya namna nyingine: ni watu walionunua ili wasome, na wakiisha kusoma wana haki ya kusema.

Hatudai kuwa njia ya Wajapani haina ubaya. Kura ya kila juma humharakisha msanii. Hadithi inayochemka polepole huweza kuondolewa jikoni kabla haijaiva, na mchoraji hufanya kazi usiku na mchana ili asikose juma hata moja. Hata hivyo ubaya huo ni ubaya wa mvua iliyokwisha kunyesha. Tunaweza kuupima na kuujadili. Hukumu ilitolewa juu ya kurasa zilizosomwa.

Na sisi je? Kwetu Afrika Mashariki hadithi za katuni zilikulia magazetini. Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza kuwachekesha Wakenya katika miaka ya 1950. Chakubanga wa Christian Gregory alijulikana na wasomaji wa Uhuru hapa Tanzania. Kisha likaja jarida la Sani na watu wake: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na wenzao. Miongoni mwa wachoraji wake alikuwamo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 angali kijana. Wahusika hawa hawakutangulizwa na katalogi. Walisimama ukurasani wakiwa na viraka vyao, tamaa zao na ulaghai wao. Msomaji aliwatambua kuwa ni jirani zake, akacheka, akampa mwenzake gazeti, na ndipo akaanza kulisubiri toleo lijalo.

Sisi tuliozoea kurasa za mashairi twajua kwamba hali huko ilikuwa hiyo hiyo. Mshairi alipotoa fumbo gazetini, wenzake walilisoma, wakalipima vina na mizani, kisha wakajibu, na majibu yakazaa majibu kwa miezi. Hakuna aliyemsifu mshairi kwa shairi ambalo angelitunga mwezi ujao. Lakini kuna tofauti moja inayotuhuzunisha. Washairi walijibiwa na washairi. Wachoraji wetu walijibiwa kwa kicheko tu. Kicheko ni ushahidi mzuri, ila hakihifadhiki. Kwa kukosa wahakiki walioandika, juma kwa juma, kwa nini kisanduku hiki kimefaulu na kile kimeanguka, kijana anayeanza kuchora leo hana ngazi ya kupandia. Anazijua hoja za Wamarekani juu ya Batman kuliko hoja zetu juu ya Ndumilakuwili, kwa sababu za kwetu hazikuandikwa.

Hapa patakuwa na msomaji mwenye pingamizi, nalo ni pingamizi la haki. Atasema: katika soko ambalo maagizo hutangulia, mhakiki anayenyamaza mpaka kazi itoke atakuta haikuagizwa kamwe, na atakayeumia ni msanii mdogo asiye na jina. Ni kweli. Shujaa mkongwe ataagizwa kwa jina lake tu, bali mgeni asipotangaziwa hufa kimya. Kwa hiyo hatusemi orodha ya matoleo yatarajiwayo itupwe. Tunasema iandikwe kwa lugha yake. Mhakiki aseme: mchoraji huyu katika kazi yake iliyopita aliweza kuonyesha njaa kwa mkono mmoja uliolala mezani, bila neno lolote, sasa anatoa kazi mpya, itafuteni muione. Hiyo ni habari yenye msingi. Bali asiseme kuwa kazi hiyo ni kubwa, ni ya kusisimua, ni ya kihistoria, ilhali hajaiona. Hiyo si habari, ni deni atakalolipa mtu mwingine.

Na orodha ya kwanza, ile ya zilizopendeza, isiwe majina matupu. Mhakiki aeleze kama mchoro unasema lile ambalo maneno hayakusema, au unarudia tu kilichokwisha andikwa. Aeleze kama msomaji aliyekosa juma lililopita ataipata njia. Aeleze kama kisanduku cha mwisho kimeacha swali la kweli au kimetega mtego wa kitoto. Zaidi ya yote arudie kuisoma baada ya hamu kutulia, kwani katuni iliyo njema hustahimili kusomwa mara ya pili, wakati siri yake imekwisha kufichuka.

Mwezi Januari mwaka 2025 msambazaji yule Diamond naye aliomba kinga ya kufilisika, baada ya wachapishaji wakubwa kumwacha mmoja baada ya mwingine kuanzia mwaka 2020. Katalogi hupita, na wenye katalogi hupita. Kijana aliyemwacha mwizi apite, Juha Kalulu na vituko vyake, hao wamebaki, kwa kuwa kulikuwa na watu waliofungua ukurasa, wakasoma, wakaridhika. Kazi ya mhakiki ni kuwa mmoja wa watu hao, na kuandika alichokiona kabla hakijasahauliwa.