Fimbo ya Musa, Mgongo wa Krishna

Katika sura ya 11 ya Bhagavad Gita, Arjuna anaomba kumwona Krishna katika umbo lake la kiungu. Anaonyeshwa: nyuso zisizo idadi, vinywa vinavyomeza majeshi. Anatetemeka, kisha anaomba radhi kwa jambo la ajabu: kwamba siku zote alimwita rafiki, akamtania wakati wa kula na wa kupumzika.

Ni rahisi kuisoma radhi hiyo kama hukumu: urafiki ni utoto, hofu ndiyo utu uzima wa imani. Lakini Arjuna anamsihi arudie sura aliyoizoea, na Krishna anairudia bila kumkemea. Katika karne ya 16, Rupa Gosvami aliupanga upendo wa mja kwa daraja, akauweka usuhuba juu ya utumishi. Na katika Bhagavata Purana, Krishna anashindwa mchezo na wachunga ng'ombe wenzake. Sharti ni sharti, anambeba Shridama mgongoni.

Pemba ya karafuu iliishi na wafanyabiashara wa Kihindi kwa vizazi, wakiwemo Wahindu. Tuliuziana na kukopana. Wanavyozungumza na Mungu wao hatukuuliza sana.

Tauhidi anayofundishwa mtoto wa chuoni Micheweni haina Mungu wa kubeba watu mgongoni, na isilazimishwe kuwa naye. Lakini chuo hicho hicho kinamfundisha kuwa Ibrahim ni Khalili wa Mungu, na kuwa Musa, alipoulizwa ana nini mkononi, hakuishia kusema "fimbo". Alieleza anavyoiegemea, anavyowapukutishia kondoo majani, na kwamba ana haja nayo nyingine. Wapo wafasiri waliosema alirefusha jibu kwa utamu wa mazungumzo.

Hata neno "Mola", kwa Kiarabu chake, lina mzizi mmoja na "walii": mzizi wa ukaribu. Sisi tumeshika ubwana. Ukaribu tumewaachia mawalii makaburini.

Hasara yake si ya lugha tu. Kijana anayemjua Mungu kama hakimu humwendea akiwa na kesi. Siku isiyo na kesi hana la kumwambia. Dua yake inakuwa barua ya maombi: salamu, shida, saini. Musa, alipokuwa akiieleza fimbo yake, hakuwa akiomba kitu. Alikuwa anazungumza.