Hoja Mbili Juu ya Asili ya Kiswahili

Katika mjadala wa asili ya Kiswahili zimezoeleka hoja mbili, moja ya wanaokinasibisha na Kiarabu, nyingine ya wanaokitia katika ukoo wa Kibantu. Mara nyingi zimepimwa kwa matokeo yake, mara chache kwa muundo wake. Na hapo ndipo hukumu ilipokwenda kombo.

Ya kwanza husema: kila lugha iliyojaa maneno ya lugha nyingine imezaliwa na lugha hiyo, Kiswahili kimejaa maneno ya Kiarabu, basi Kiswahili kimezaliwa na Kiarabu. Ya pili husema: kila lugha ya Kibantu ina ngeli za majina, Kiswahili kina ngeli za majina, basi Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Msomaji ajuaye kwamba tamko la mwisho la hoja ya pili ni kweli huipokea bila kuikagua. Si ajabu: aliyefika kwake salama haulizi njia.

Hata hivyo, iliyo halali kimantiki ni ile ya kwanza. Uhalali wa hoja si ukweli wa maneno yake. Ni kutowezekana kwa vitangulizi kuwa kweli na tamko la mwisho kuwa uongo. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alitumia herufi mahali pa majina ya vitu ili umbo libaki peke yake. Umbo la hoja ya kwanza ni timamu. Ubovu umo katika kitangulizi. Kiingereza kimechukua zaidi ya nusu ya msamiati wake kutoka Kifaransa na Kilatini, nacho ni ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi.

Katika hoja ya pili, hata vitangulizi vikikubaliwa, na ijapokuwa tamko la mwisho ni kweli, bado hoja si halali. Na kiwekwe Kifulani cha Afrika ya Magharibi mahali pa Kiswahili: kina ngeli nyingi, wala si lugha ya Kibantu. Kuigeuza iwe "kila lugha yenye ngeli ni ya Kibantu" hutengeneza umbo, lakini Kifulani hicho hicho hukivunja kitangulizi kipya.

Udugu wa Kiswahili na Kibantu haukuthibitika kwa kuwapo ngeli tu, bali kwa viambishi vyenyewe na kwa ulinganifu wa sauti, njia aliyoitandika Carl Meinhof mwaka 1899. Mtu na watu wa Kiswahili ni umuntu na abantu wa Kizulu, omuntu na abantu wa Kiganda. Na tofauti za sauti hufuata kanuni katika neno baada ya neno. Ushahidi huo haumlazimishi msomaji kama hoja halali imlazimishavyo. Humwelemea, mpaka kukanusha kukawa kugumu kuliko kukubali. Mwandishi anayeubana katika mistari mitatu ya mantiki huupunguzia nguvu, tena humfungulia mpinzani wake tundu ambalo ushahidi wenyewe hauna.