Kabla Hati ya Kiwanja Haijawekwa Rehani: Kupima Mpango wa Kadeti wa Urubani

Mpango wa kadeti haupimwi kwa picha ya kijana mwenye mistari miwili mabegani akitabasamu mbele ya Boeing. Tafuta ukurasa unaoeleza mambo yakiharibika. Usipouona, waandikie wenye mpango na udai jibu la maandishi: shirika likinitema katikati ya mafunzo, nabaki na nini mkononi? Kwa jibu hilo utawatambua upesi kuliko kwa ada wanayotoza au kwa ukubwa wa ndege zao.

Hapa Sengerema swali hilo si la mmoja. Binti akimaliza kidato cha sita na alama nzuri za fizikia na hesabu, akasema anataka urubani, ukoo unaketi. Kinachowekwa mezani ni hati ya kiwanja, mitumbwi ya dagaa, ng'ombe wa babu. Mafunzo ya urubani kuanzia sifuri hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na zizi zima linaweza kuisha kabla mtoto hajafika nusu ya safari. Ndiyo maana neno "kadeti" lina mvuto: shirika linakuchagua, linakulipia au kukukopesha, kisha linakuwekea kiti. Hiyo ndiyo ahadi. Tuikague kipande kwa kipande.

Anza na leseni. Nchi za Afrika Mashariki zinafuata viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Leseni ya rubani wa biashara inahitaji saa 200 za kuruka, au 150 ukisoma kozi kamili katika chuo kilichoidhinishwa. Ipo pia njia ya pili, leseni ya rubani wa timu, yenye saa 240 ambazo sehemu kubwa hufanyika kwenye simuleta. Hii humwandaa mwanafunzi tangu mwanzo kukaa kiti cha kulia cha ndege ya abiria yenye marubani wawili. Ni njia ya kisasa na haina ubaya wowote, almradi shirika lililokutuma libaki limesimama na liendelee kukutaka. Likiyumba, una leseni isiyokuruhusu kurusha peke yako ndege ndogo ya biashara mpaka uongeze mafunzo mengine. Na huku kwetu ndege ndogo ndiyo kimbilio. Cessna Caravan zenye injini moja, za mashirika ya Auric Air au Coastal, ndizo zinazobeba watalii na wachimbaji kwenda kwenye viwanja vya changarawe ambavyo ndege kubwa haigusi. Mwenye leseni ya biashara anaweza kubisha hodi huko. Mwenye ile nyingine atasubiri nje.

Vijana wengi huchanganywa na ushauri wa Wamarekani. Kule, tangu 2013, hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kwa kawaida lazima awe na saa 1,500. Kwa hiyo kadeti wa shirika la mikoani la Marekani ni mtu aliyeahidiwa kiti, kisha akaambiwa nenda kafundishe wengine kuruka mpaka saa zako zitimie. Sharti hilo kwetu halipo. Mwenye leseni ya biashara, kibali cha kuruka kwa ala na idhini ya aina ya ndege anaweza kisheria kukaa kulia kwenye ATR za Precision Air au Dash 8-400 za Air Tanzania akiwa na saa mia mbili na kitu. Kizuizi chetu kiko kwingine: nani analipia idhini hiyo ya aina ya ndege, na je, kiti kipo kweli? Mpango unaokufikisha kwenye leseni tupu kisha ukakuambia idhini ujitafutie mwenyewe ni chuo tu, hata ukiitwa kadeti.

Sasa chuo chenyewe. Nenda ukakione, na usiende siku ya wageni. Kaa karibu na karakana asubuhi, hesabu ndege zinazoruka na zile zilizokaa bila propela zikingoja vipuri kutoka nje. Waulize wanafunzi, si ofisi, mara ya mwisho waliruka lini. Kozi ya mwaka mmoja na nusu ikigeuka miaka mitatu, pesa ya chumba na chakula ndiyo itakayokumaliza. Zaidi ya hapo mkono haukai sawa. Anayeruka mara moja kwa wiki mbili hulipia saa ileile mara mbili, kwa sababu kila akirudi anaanza kwa kukumbuka.

Halafu sikiliza kinachotokea injini ikishazimwa. Kwangu hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Mkufunzi hodari huketi na mwanafunzi wake, karatasi mezani, akamuuliza kwanza yeye mwenyewe aliona nini: kwa nini alichelewa kupunguza kasi, upepo ulitoka wapi, angefanya nini mvua ingefunga uwanja. Mkufunzi dhaifu hutia saini kitabu cha saa akielekea chai. Uliza pia wakufunzi wana uzoefu gani. Wakiwa wote ni wahitimu wa mwaka jana wanaojikusanyia saa, unafundishwa na watu ambao hawajawahi kuogopa.

Mahali nako kuna uzito. Ziwa letu, Victoria, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto Mwanza hewa ni nyepesi, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, na hupanda kwa uvivu. Aliyesomea pwani amezisoma hesabu hizo kitabuni. Aliyesomea Soroti, Uganda, chuo cha tangu 1971 kilichoachwa na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, amezifanyia kazi kila siku maana urefu wa pale unakaribiana na wetu. Kisha kuna radi za ziwani, ambazo hujijenga usiku juu ya maji na mara nyingi asubuhi bado zipo. Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ya Precision Air ilianguka ziwani ikielekea kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 wakafariki. Chuo kinachowasomesha wanafunzi wake ripoti za ajali kama hiyo, bila kutafuta wa kulaumu, kina walimu.

Kuhusu pesa niseme kwa ufupi: usilipe zote kwa mkupuo. Mwaka 2023 vyuo viwili vya Uingereza, Tayside Aviation na FTA Global, vilifunga milango, na waliolipa mapema wakabaki wanahangaikia fedha zao. Lipa kwa awamu, kila awamu ifungwe na hatua iliyokamilika. Na usidhani shirika la ndege ni mwamba. Fastjet iliyojaza abiria Mwanza kwa nauli nafuu ilisimama kuruka nchini mwishoni mwa 2018.

Mkataba wa kutumikia usomwe na mwanasheria asiye ndugu. Mzuri hupunguza deni kila mwezi unaofanya kazi. Mbaya hudai lote hata ukibakiza wiki mbili. Angalia miaka inaanza kuhesabiwa lini: siku ya kusaini, ya kuhitimu, au ya kuruka na abiria? Shirika linaweza kukukalisha nyumbani mwaka mzima bila mshahara na saa ya mkataba isianze. Tafuta pia kifungu cha afya. Ukipoteza cheti cha daktari, deni linakufuata? Mzazi aliyetia saini ya udhamini anapaswa kulijua hilo kabla ya kalamu kugusa karatasi. Cheti chenyewe, cha daraja la kwanza, kipimwe na daktari anayetambuliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kabla ya kulipa hata fomu.

Nikiwekewa mipango miwili mezani, mmoja wa leseni ya timu na Airbus mbele yake, mwingine wa leseni ya biashara unaoishia kwenye Caravan ya kwenda kisiwa cha Rubondo, deni likipungua kila mwezi, nachukua wa Rubondo. Airbus nitaiomba nikiwa na saa elfu moja na hati ya kiwanja ikiwa imesharudi kabatini kwa mzee.