Jiko Linawaka, Mwenyewe Hayupo

Zile picha unazijua. Jioni, Mama Ngina, Mombasa. Maji ya Kilindini yamelainika kama maziwa, anga ni zambarau, feri ya Likoni imegeuka mstari wa taa. Na hakuna mtu. Jumamosi jioni, pale Lighthouse, mahali ambapo hata kupata pa kuegesha gari ni vita, eti hakuna mtu.

Siongei kama mtu wa nje. Nimezipiga nyingi.

Kazi yenyewe iko hivi: unasimamisha kamera kwenye tripodi, unaacha shata wazi sekunde 30, unarudia mara kumi au zaidi giza likiingia. Baadaye unazipanga picha zote kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine. Anga unaitoa kwa picha ya mapema, taa unazitoa kwa ile ya saa moja. Halafu unaiachia programu ichague, kwa kila nukta, kile kilichoonekana katika picha nyingi zaidi. Kilichotulia kinabaki. Kinachotembea kinafutika.

Wapigapicha tunaita hiyo "kusafisha". Hapo ndipo naanza kukereka.

Sina shida na kuunganisha picha. Gustave Le Gray alifanya hivyo Ufaransa miaka ya 1850. Kemikali za wakati ule ziliunguza anga kabla bahari haijatokea vizuri, basi akapiga negativu mbili, ya mawingu na ya maji, akazichapa kama picha moja. Alikuwa anarudisha kitu ambacho jicho liliona na kamera ikakikosa. Sisi jicho limeona umati, tunautoa. Daguerre naye alipiga Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, na mtaa wenye pilikapilika ukatoka mtupu, isipokuwa mtu aliyesimama kung'arishiwa kiatu. Lakini yeye hakuwa na namna, bamba lake lilihitaji dakika kadhaa. Sisi tuna namna, na bado tunachagua utupu, kwa sababu utupu unafanana na tangazo la hoteli.

Picha yangu iliyopendwa kuliko zote niliiunganisha kutoka picha 14. Ilipata laiki mob. Wiki iliyofuata nikamwonyesha mama anayechoma mihogo pale, kwa sababu jiko lake liko mbele kabisa, makaa mekundu yamewaka vizuri sana. Kigoda chake kipo. Pilipili na ndimu zipo.

Akaivuta simu karibu. "Na mimi niko wapi, mwanangu?"

Nikaanza kumweleza kuhusu shata. Kwamba hakutulia: anainuka, anageuza mihogo, anarudisha chenji. Yaani alifutwa kwa sababu alikuwa anafanya kazi. Nilijisikia vile nikalisema, nikanyamaza.

Nilirudi kwa zile faili. Kulikuwa na moja ya kujaribu, ya sehemu ndogo ya sekunde, yenye chenga kibao, niliyotaka kuitupa. Nikakata kipande chake nikakiweka juu ya jiko. Mkono umeyeyuka kidogo, uso unaonekana. Mbele ya yale maji laini anaonekana kama amebandikwa, na ukitazama kwa ukali utaona mshono. Kama picha, ina makosa mengi kuliko ile ya kwanza. Ndiyo niliyoichapisha.

Nikampelekea nakala. Akaitazama sana, akasema nimemnenepesha.