"Tegemezi" au "Tegemeo"? Kasoro katika Istilahi za Kompyuta

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kuifasiri programu ya OpenOffice.org, iliyotolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, istilahi za kompyuta zimeongezeka kuliko zinavyohakikiwa. Chukua neno "tegemezi". Katika mifumo ya jamii ya Unix, kama vile Debian iliyoanzishwa mwaka 1993, programu husambazwa kwa vifurushi, na aghalabu kifurushi hakifanyi kazi pasipo vingine. Wako wanaoviita hivyo vinavyohitajiwa "tegemezi".

Hapo maana imepinduliwa. Kwa mwanafunzi wa Marani, huko Kisii, ambaye Ekegusii ndiyo lugha yake ya kwanza, mtegemezi ni mtoto anayelipiwa karo. Tegemeo ni mzazi, au shamba la chai linaloitoa karo hiyo.

Huu si ubishi wa viambishi tu. Kifurushi kikiondolewa, chombo kiitwacho apt huviondoa na vile vinavyokitegemea. Kwa amri nyingine huyaondoa mategemeo yasiyohitajiwa tena. Mwanafunzi akiulizwa kama "tegemezi" ziondolewe, atajuaje ni zipi? Akikubali, aweza kuipoteza programu aliyokuwa akiitumia.

Ajabu ni kwamba Debian yenyewe huupanga uhusiano huo kwa ngazi: kutegemea, kupendekeza, kudokeza. Vitenzi vyote vitatu Kiswahili kinavyo, na "tegemeo" limo kamusini.