Matone Matatu ya Damu: Chama cha Yisu na Jumba Lake Mjini Xi'an

Neno opera likitajwa mbele ya wasomaji wetu, mawazo ya wengi hukimbilia Ulaya, kwenye majumba ya Milano na Vienna. Hayo ni mazoea tuliyoyapata shuleni. Katika nchi ya China peke yake zipo aina zaidi ya 300 za michezo ya kuigiza ya kuimbwa, kila moja ikiwa na lafudhi yake, mahadhi yake na wenyeji wake. Opera ya Beijing ndiyo inayojulikana zaidi ugenini, lakini siyo kongwe kuliko zote, wala siyo mama yao. Hapa tunakusudia kuizungumzia moja ya zile za majimbo, yaani qinqiang ya jimbo la Shaanxi, pamoja na chama kinachoitwa Yisu, ambacho tulipata kukitembelea katika jumba lake lililo katikati ya mji wa Xi'an.

Jumba hilo limo ndani ya ukuta wa kale wa mji, si mbali na Mnara wa Kengele uliojengwa mwaka 1384. Halimtishi mgeni kwa ukubwa. Mtu hutoka kwenye kelele za maduka na magari, akapita mlango, na punde akajikuta ameketi miongoni mwa wazee wanaoujua wimbo kabla haujaanza. Tulipendezwa kwamba halikutengwa na maisha ya watu. Mtu atokaye sokoni na kapu lake aweza kuingia bila kujiuliza kama amevaa vizuri.

Chama kiliasisiwa mwaka 1912, mwaka ule ule mfalme wa mwisho wa ukoo wa Qing alipojiuzulu. Waasisi wake, Li Tongxuan na Sun Renyu, walikuwa wasomi, si waimbaji, na jina walilolichagua lina maana ya kubadili desturi. Waliona nchi imepata jamhuri ilhali watu wamebaki na kasumba, ushirikina na miguu ya wasichana iliyofungwa vitambaa tangu utotoni isikue. Magazeti yasingewasaidia wasiojua kusoma, nyimbo zingewasaidia. Kwa hiyo walianzisha chama kilichokuwa pia shule: watoto waliochukuliwa kujifunza kuimba walifundishwa kusoma na kuandika, jambo geni katika siku ambazo mwigizaji alihesabiwa kuwa mtu duni. Katika miongo ya mwanzo waliochukuliwa walikuwa wavulana, nao ndio waliocheza hata nafasi za kike. Kwa hiyo chama cha kubadili desturi kilikuwa na desturi moja ambacho hakikuwa na haraka ya kuibadili.

Msomaji wa Tanzania atatambua mara moja kwamba njia hiyo si ngeni kwake. Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sanaa zetu zimepewa kazi ya kuelimisha. Mathias Mnyampala aliichukua ngonjera akaifanya chombo cha siasa mpya, na shule zote zikaifuata. Hatulaumu kazi hiyo. Tunachouliza ni kwa nini ngonjera nyingi zilizoandikwa baada yake zimesahauliwa na wale wale waliozikariri, ilhali mchezo wa Chama cha Yisu uliotungwa mwishoni mwa miaka ya 1910 ungali unawajaza watu ukumbini. Maudhui ya kuelimisha yamo pande zote mbili. Tofauti imo katika fani, na fani huanzia masikioni.

Qinqiang ni sauti ya nguvu. Mwimbaji huitoa kifuani kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya bonde, na mgeni huweza kudhani kuna ugomvi. Mapigo huongozwa na vipande viwili vya mbao ngumu vinavyogonganishwa, kwa jadi vikichongwa kutokana na mti wa jamii ya mkunazi. Sauti ya mwimbaji husindikizwa na zeze liitwalo banhu, lenye nyuzi mbili, na mwili wake ni kifuu cha nazi kilichofunikwa ubao mwembamba. Shaanxi ni nchi ya bara, ya ngano na vumbi la manjano, wala mnazi hauoti huko. Hata hivyo kilio cha wimbo wao hutoka katika kifuu. Mahadhi yamegawanyika katika njia kuu mbili, ya furaha na ya uchungu, na masikio ya wenyeji hutambua njia inayokuja kabla neno halijatamkwa. Waasisi hawakuyagusa mahadhi hayo. Walibadili hadithi, wakaacha watu wafike kwenye jambo jipya kwa njia waliyoizoea.

Mchezo tunaousema ni *Matone Matatu ya Damu*, uliotungwa na Fan Zidong, na ambao mwaka 1960 ulifanywa filamu na studio ya Xi'an. Mfanyabiashara mmoja afiwa na mkewe aliyejifungua watoto pacha. Mmoja amlea kwa msaada wa yaya, na wa pili ampa mama wa nyumba nyingine. Miaka ikapita, biashara ikaharibika, akarudi kwao na mwanawe. Ndugu yake, kwa kuhofia mgawanyo wa mali, akadai kwamba kijana yule si mtoto wa halali. Shauri likafika kwa hakimu. Naye hakimu hakuwaita majirani wala hakumtafuta yaya, alifungua kitabu. Kitabu kimesema kwamba damu ya baba na ya mtoto zikitiwa katika bakuli la maji huungana. Zikatiwa, zisiungane, na baba akatenganishwa na mwanawe.

Hakimu huyo huyo alikutana tena na familia hiyo bila kujua. Yule pacha wa pili alikuwa amechumbia binti wa nyumba iliyomlea, na mhuni aliyemtaka binti akadai kwamba hao ni ndugu wa damu. Bakuli likaletwa. Safari hii damu ziliungana, na uchumba ukavunjwa. Mwishowe yaya alijitokeza mwenyewe, na mdhulumaji aliyeanzisha shauri la kwanza akapimwa pamoja na mtoto wake wa kumzaa. Damu zao zilikataa kuungana, na ukumbi mzima ukacheka.

Jina la hakimu, Jin Xinshu, likisikiwa kwa Kichina husikika kama kusema "aaminiye vitabu vyote". Mwandishi mdogo angemfanya mla rushwa, na watazamaji wangemchukia wakaenda zao wakiwa na amani. Fan Zidong hakumfanya hivyo. Hakimu wake ni mwaminifu, ana bidii, na hana shaka hata kidogo. Sisi tuliokaa maofisini miaka mingi, tukipokea nyaraka na kuzitekeleza, tulicheka pamoja na wengine, ila kicheko chetu kilikuwa kifupi. Wapo watu wengi walioumizwa na afisa asiyekuwa na kosa lolote isipokuwa kuusadiki waraka kuliko mtu aliyesimama mbele yake.

Upungufu pia upo. Mapacha hurudishiwa haki yao baada ya kupata sifa vitani, kana kwamba ukweli wa yaya haukutosha mpaka uungwe mkono na cheo. Mwandishi alimcheka hakimu, lakini kiti cha hakimu alikiacha kilipokuwa. Yaya, ambaye ndiye aliyejua kila kitu tangu mwanzo, hakupewa nafasi inayolingana na uzito wake. Laiti angeimba zaidi.

Mchezo kama huu ulinyamazishwa katika Mapinduzi ya Utamaduni ya mwaka 1966 hadi 1976, michezo ya jadi ilipoondolewa majukwaani. Siku hizi adui ni mwingine. Maneno ya wimbo huonyeshwa kwa maandishi kando ya jukwaa, kwani hata Wachina wa majimbo mengine hupata taabu kufuata lafudhi ya Shaanxi. Msaada huo ni mzuri, lakini jicho linalosoma haliuoni mkono wa mwigizaji. Aidha, wageni mara nyingi hutayarishiwa vipande vifupi vyenye sarakasi na moto wa kupuliza. Anayetaka kuuhukumu mchezo na autazame mzima.

Mwandishi Lu Xun alifanya hivyo. Hakuwa mpenzi wa opera. Ile ya Beijing ilimchosha, naye hakulificha jambo hilo. Lakini alipokwenda Xi'an kutoa mihadhara mwaka 1924, alirudi katika jumba la Chama cha Yisu jioni baada ya jioni. Yeye na wenzake walikiachia chama ubao wenye maandishi ya kukisifu kwa kuipiga peke yake sauti ya kale. Kisha, kutokana na malipo ya mihadhara yake, akakichangia yuan 50.