Ufundi wa Paella Jijini Valencia

Paella ni chakula cha wali kinachopikwa katika kikaango bapa cha chuma, na kwao ni Valencia, jiji la bandari lililo pwani ya mashariki ya Hispania. Katika hoteli nyingi duniani jina hilo hubandikwa wali wowote wa manjano uliopambwa kwa kamba wachache. Valencia kwenyewe paella ni ufundi wenye vipimo vyake, miiko yake na mabingwa wake, na wengi wa mabingwa hao si wapishi wa mikahawa bali ni watu wa kawaida wanaowapikia jamaa zao siku ya Jumapili. Ufundi huo unasomeka hata mitaani, kwa kuwa mengi ambayo wageni huenda kuyatazama jijini, kuanzia ziwa na mifereji hadi soko na mahakama, ndiyo yaliyokilisha kikaango hicho kwa karne nyingi.

Mwanzo wake ni shambani. Kilomita 10 hivi kusini mwa jiji kuna Albufera, ziwa lililotengwa na Bahari ya Mediterania kwa ukanda mwembamba wa mchanga na misonobari. Kulizunguka kuna majaruba ya mpunga. Kilimo hicho kilistawishwa na Waislamu walioitawala sehemu hiyo ya Hispania tangu karne ya 8. Mfalme Jaume wa Kwanza alipoiteka Valencia mwaka 1238, ziwa likawa mali ya ufalme. Sheria ya mwaka 1911 ililikabidhi kwa manispaa ya jiji, na mwaka 1986 likatangazwa kuwa hifadhi. Zamani watawala waliwahi kuuwekea mpunga mipaka na hata kuupiga marufuku, kwa kuwa maji yaliyotuama yalileta homa za malaria, lakini wakulima hawakuuacha. Mbegu huingia majini mwezi Mei, mavuno huwa Septemba, na majira ya baridi majaruba hufurika tena na kuwa makazi ya ndege wa majini. Kijiji cha El Palmar, kilicho katikati ya maji hayo, ndicho alichokiandikia Vicente Blasco Ibáñez riwaya yake Cañas y barro ya mwaka 1902. Leo watalii hukifikia kwa basi kutoka jijini, wakapanda mashua kulitazama jua likizama, wakala wali kando ya mfereji.

Mchele wa huko una punje fupi na nene, na uteuzi wa aina yake ndiyo hukumu ya kwanza ya mpishi. Aina ya bomba hunywa mchuzi mwingi bila kupasuka, kwa hiyo humsamehe mpishi aliyechelewa dakika moja au mbili. Aina ya senia hushika ladha ya mchuzi kwa undani zaidi, lakini haina msamaha: ikipitiliza kidogo tu huwa bokoboko. Wapishi wazoefu wengi huipendelea senia, na wanaojifunza hushauriwa waanze na bomba.

Mboga zinatoka upande mwingine, katika mashamba ya viungani yanayonyweshwa na mto Turia kwa mifereji iliyorithiwa tangu zama za Waislamu. Maji hayo yana mahakama yake. Kila Alhamisi saa sita mchana, mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, hukutana Baraza la Maji la Valencia. Wajumbe wake ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao kusimamia mifereji minane, nao huketi kwa duara wakiwa wamevaa majoho meusi. Mashauri husemwa kwa Kivalencia, hukumu hutolewa papo hapo kwa mdomo, wala hakuna rufaa. UNESCO iliuingiza utaratibu huo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009. Siku nyingi hakuna mlalamikaji, na kikao humalizika katika dakika chache. Mgeni aliyetarajia tamasha huondoka akishangaa. Hatua chache kutoka hapo, katika Uwanja wa Bikira, kuna chemchemi yenye sanamu ya mwanamume aliyejilaza, ambaye ndiye Turia, akizungukwa na wanawake wanane wanaowakilisha mifereji yake.

Mazao hayo hukutana katika Soko Kuu, jengo la chuma, vioo na vigae vya rangi lililozinduliwa mwaka 1928. Eneo lake linazidi mita za mraba 8,000, na chini ya kuba lake hupangwa nyama, samaki, matunda na viungo. Anayetaka kuielewa paella na apite hapo asubuhi, kabla ya kuketi mezani. Atawaona sungura na kuku waliokatwakatwa tayari kwa kikaango, maharagwe mabichi yenye maganda mapana, fiwi nyeupe kubwa ziitwazo garrofó, konokono wakiwa hai katika vyandarua vyao, na zafarani iliyofungwa katika vikasha vidogo kama kito cha sonara. Mkabala na soko hilo linasimama La Lonja, jumba la wafanyabiashara wa hariri lililoanza kujengwa mwaka 1482 chini ya fundi mkuu Pere Compte, na ambalo limo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1996. Nguzo za ukumbi wake zimesokotwa kama kamba hadi juu darini, na maandishi ya Kilatini yanayouzunguka ukuta yanamsifu mfanyabiashara asiyedanganya. Tangu zamani, basi, mtaa huu umekuwa mtaa wa kipimo cha haki, na kipimo ndicho kiini cha upishi unaofuata.

Kikaango chenyewe ni cha chuma chembamba, kipana, cha kina kifupi, chenye mikono miwili. Umbo hilo lina sababu. Pilau ya mwambao hupikwa katika sufuria ya kina, ikafunikwa na kupaliwa makaa juu ili mvuke uiivishe. Paella huachwa wazi tangu mwanzo hadi mwisho, maji yake yakipaa hewani, na wali husambaa ukawa tabaka jembamba lisilozidi unene wa kidole. Kadiri tabaka linavyokuwa jembamba ndivyo kila punje inavyopata sehemu yake ya mchuzi na ya joto la chuma. Kwa sababu hiyo mpishi akizidishiwa wageni hatafuti kikaango cha kina zaidi, bali kipana zaidi.

Moto unaosifiwa ni wa kuni za mchungwa, ambazo mkoa huo wenye michungwa mingi huzipata kila miti inapopogolewa. Mpishi huweka kikaango juu ya mafiga, akamimina mafuta ya zeituni na kutazama yanakokusanyika. Yakikaa katikati, kikaango kimelala sawa. Yakikimbilia upande mmoja, mafiga hurekebishwa kwanza, kwa kuwa kosa hilo halitatengenezeka baadaye. Kisha nyama ya kuku na sungura hukaangwa polepole mpaka iwe na rangi ya dhahabu iliyokolea. Hapo ndipo wasio na subira hushindwa, maana ladha ya mchuzi wote hutoka katika nyama iliyokaangwa vizuri na katika kile kinachoganda kwenye chuma. Hufuata maharagwe, kisha nyanya iliyokunwa, kisha unga wa pilipili tamu, ambao hukaa motoni sekunde chache tu kabla ya maji kumiminwa, kwani ukiungua huwa mchungu.

Kipimo cha maji kwa wapishi wengi ni misumari inayoshika mikono ya kikaango. Mchuzi huchemka kama nusu saa, ukakolezwa chumvi na zafarani, na wengine huutia kijiti cha rozmari kwa muda mfupi. Mchele humwagwa mwishoni, mara nyingi kwa mstari mmoja unaokatiza kikaango, kisha husambazwa. Kuanzia hapo mwiko huwekwa kando. Hakuna kukoroga, kwa kuwa kukoroga hutoa wanga wa punje na kuufanya wali ushikane, ilhali unaotakiwa ni uliochambuka.

Dakika 18 hadi 20 zinazobaki ndizo zinazomtenga fundi na mwanafunzi. Moto huwa mkali katika dakika za mwanzo, kisha hupunguzwa kwa kuondoa kuni, si kwa kugeuza kitasa. Mpishi hawezi tena kuongeza kiungo wala kurekebisha kwa mwiko. Kilichobaki ni macho, pua na masikio. Maji yanapokwisha, sauti ya kuchemka hugeuka kuwa mchakarisho mkavu, dalili kwamba wali wa chini umeanza kushika chuma. Hapo hutengenezwa ukoko, ambao Wavalencia huuita socarrat na kuugombania. Nusu dakika pungufu, ukoko haupo. Dakika moja zaidi, chakula chote kinanuka moshi. Kisha kikaango hutolewa motoni, kikapumzishwa kama dakika 5.

Ufundi wenye kanuni kali hivi haukosi mabishano. Mwaka 2021 serikali ya jimbo iliitangaza paella ya Valencia kuwa mali ya urithi wa kitamaduni. Viungo vinavyotajwa mara nyingi kuwa vya msingi ni kumi: mchele, maji, mafuta ya zeituni, chumvi, zafarani, nyanya, kuku, sungura, maharagwe mabichi na fiwi. Lakini kila kijiji kina ruhusa zake. Kuna wanaotia bata kwa kuwa wanaishi karibu na ziwa, wanaotia artichoki msimu wake ukifika, na wanaotia konokono. Wakulima maskini wa Albufera waliwahi kutia hata panya wa majini. Lisilovumilika ni jambo jingine. Mwaka 2016 mpishi Mwingereza Jamie Oliver alipotangaza paella yenye soseji ya chorizo, Wavalencia walimjia juu mitandaoni kwa siku kadhaa. Hasira ile iliwachekesha wengi, ingawa ilikuwa na mantiki: soseji hiyo hutawala mchuzi wote, na mchuzi ukitawaliwa, mchele hauna la kusema.

Mezani pia kuna adabu. Paella ni chakula cha mchana. Anayeiagiza usiku hujulikana mara moja kuwa ni mgeni. Kijadi kikaango huwekwa katikati ya meza na kila mtu hula kwa kijiko cha mti kutoka upande wake, akielekea katikati bila kuvuka mpaka wa jirani. Mikahawa mizuri huipika kwa watu wawili au zaidi, na humtaka mteja asubiri. Ufukweni Malvarrosa wapo wakongwe kama La Pepica, uliofunguliwa mwaka 1898, na Casa Carmela, wa mwaka 1922, ambao hupikia kuni za mchungwa. Picha kubwa za rangi mlangoni na sahani inayofika baada ya dakika kumi ni dalili za wali uliopashwa moto.

Baada ya mlo, jiji lenyewe humwalika mgeni atembee. Mafuriko ya Oktoba 1957 yaliua watu zaidi ya 80, na mto Turia ukachepushwa kupita kusini. Mkondo mkavu ulioachwa ulikusudiwa kuwa barabara kuu, lakini wananchi walipinga, na leo ni bustani ya kilomita 9 hivi inayopita chini ya madaraja ya kale. Upande wa bahari inaishia kwenye majengo meupe ya Jiji la Sanaa na Sayansi, yaliyobuniwa zaidi na Santiago Calatrava, mzaliwa wa Valencia. Njiani hupatikana horchata, kinywaji baridi cheupe kinachotengenezwa kwa vinundu vya mmea wa jamii ya ndago unaolimwa Alboraya, kaskazini mwa jiji.

Kwa mgeni mwenye siku moja, mpango bora ni asubuhi sokoni na La Lonja, saa sita kanisa kuu ikiwa ni Alhamisi, kisha paella iliyoagizwa mapema. Na akiletewa kikaango, asiache ukoko: ndiyo sehemu ambayo mpishi hawezi kuighushi.